Kati ya jiwe na jiwe, uani kwa Mama

Uani kwa Mama, hapa Mtwapa, kuna mawe 46 ya Mazeras. Idadi naijua kwa sababu nimepiga magoti mbele ya kila jiwe, na mapengo yaliyo baina yao nimeyapima kwa tepu ile ile ninayopimia viuno vya wateja. Mimi ni fundi cherehani. Pengo kati ya mawe mawili kwangu ni mshono: ukiushona vibaya, nguo nzima inakaa vibaya.

Mawe haya sisi watu wa pwani tunayajua. Huchimbwa Mazeras, ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, yakaja yakiwa mabamba ya mawe ya mchanga, mengine rangi ya ganda la mkate, mengine ya kijivu, mengine na michirizi kama ya kutu. Fundi huyagonga nyundo pembeni mpaka yakaribiane, lakini hayalingani kamwe. Pengo moja halipitishi kidole gumba, jingine linameza kiganja kizima.

Yalipotandazwa, miaka 3 iliyopita, fundi aliyajaza mapengo yote saruji. Siku ya kwanza ua ulipendeza, na tuliwaita majirani waje kuuona. Kisha ikaja mvua ya mwaka. Maji yaliyokuwa yakizama mchangani yakakosa pa kwenda, yakatuama juu ya mawe, yakabisha hodi mpaka mlango wa jikoni. Mvua ilipopungua, mawe yakabaki na utando wa kijani unaoteleza kama bamia. Alfajiri moja Mama alitoka kwenda kutia udhu, akateleza. Hakuvunjika mfupa, alhamdulillahi, lakini nyonga iliumia na moyo ukaingia hofu. Kwa miezi 2 alitilia udhu chumbani, kwenye beseni, mlango umefungwa. Mama yangu ambaye maisha yake yote ameanza siku kwa kuangalia mbingu kabla hajamsemesha mtu.

Ndipo nilipoamua saruji itoke.

Kabla hujashika tindo, jua kwanza chini ya mawe yako kuna nini. Kama yamelazwa juu ya zege, kuondoa saruji ya juu hakutakusaidia, kwa sababu mizizi haina pa kushukia na maji vilevile. Sisi bahati yetu chini kulikuwa na mchanga, saruji ilikuwa ya kwenye mapengo tu. Mimi na mpwa wangu tuliing'oa jioni 9, yeye na nyundo, mimi na tindo, miwani machoni, tukishuka kina cha sentimita 8 hivi. Vipande vyote tulivizoa, hata vile vidogo kama punje za mchele. Saruji ina chokaa, na udongo wetu wa matumbawe tayari umejaa chokaa. Mmea ukiongezewa nyingine majani yanageuka manjano, mishipa tu ndiyo inayobaki kijani, kwa sababu mizizi inashindwa kuchukua chuma.

Mapengo yakawa wazi. Sikununua mche hata mmoja wiki hiyo. Siku 3 mfululizo nilikaa mlangoni kwa jiko, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na chaki yangu ya kukatia nguo mkononi. Nilimwomba Mama apite kama apitavyo siku zote: jikoni mpaka kwenye mfereji, mfereji mpaka kivulini mwa mwembe, kisha arudi. Kila mguu wake ulipotua nilichora duara. Kila mkongojo ulipotua nilichora msalaba. Alipita kwa mwendo wake, nami nikitambaa nyuma yake, na alisimama mara moja tu kuniuliza kama mawe nayo yanashonewa kanzu.

Siku ya tatu alama zilikuwa zimeniambia mambo ambayo jicho langu halikuwahi kuyaona. Mguu wa Mama hutua katikati ya jiwe karibu kila mara. Ni mkongojo ndio unaoingia kwenye mapengo. Unatua upande wa kulia, nusu hatua mbele yake, na kati ya mapengo yote kuna 7 ambayo ncha yake huangukia takriban kila safari. Tena kulikuwa na mahali pamoja, karibu na mfereji, ambapo mawe mawili yameachana mno, na kisigino chake hukanyaga pengo lenyewe. Hapo sikupanda kitu. Nilizika jiwe dogo, nikalisawazisha na wenzake kwa kamba na pimamaji.

Basi nilipokwenda kwenye vitalu vya kando ya barabara sikuuliza mmea upi ni mzuri. Niliuliza upi unavumilia ncha ya mkongojo, upi hautelezi ukipondwa, upi hautambai juu ya jiwe ukamtega mtu kidole, na upi unakunywa maji yenye munyu, maana kisima chetu kina munyu na maji ya mfereji hayaji kila siku. Wenye vitalu wengi walinionyesha maua. Mzee mmoja aliniambia, "Dada, hayo unayoyataka hayauzwi." Nilidhani ananifukuza, kumbe alikuwa anasema kweli.

Lakini nilinunua, na niseme nilivyopata.

Nyasi za Japani, wanazoziita mondo, zinapendeza sana. Si nyasi hasa, ni ndugu wa asparaga, na ile aina fupi haizidi sentimita 10. Nilipanda vichaka 12. Vile vilivyopigwa na jua la mchana viliungua ncha ndani ya wiki 3, vikawa kama vimepitishwa kwenye pasi, na munyu wa kisima ukavimaliza. Vile vya chini ya mwembe viko hai mpaka leo, vyeusi vya kijani, vizito, vinapendeza baada ya mvua. Ila vinakwenda taratibu mno: mwaka mzima kichaka kimeongezeka upana wa vidole viwili. Ukivitaka, viweke kivulini, uvinyweshe maji baridi yasiyo na munyu, na ununue vya kutosha tangu mwanzo.

Zaatari (thyme) inayotambaa ndiyo mmea unaouona kwenye kila picha ya mawe ya bustani za Ulaya. Wifi yangu anayo Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kwake imefanya zulia; ukiikanyaga harufu inapanda mpaka kifuani. Alinipa miche nikaileta na basi, nikiipakata. Kwetu haikumaliza msimu. Kule usiku kuna baridi na hewa ni kavu; hapa unyevu haukauki, na shina la zaatari huoza kuanzia chini. Iliniuma, kwa sababu harufu ile ndiyo niliyotaka Mama aikanyage. Sasa najua kwamba mmea unaostawi Limuru si lazima umudu Mtwapa, hata kama nchi ni moja.

Ukoka nilifikiri ndio jibu. Ni wa kwetu, haufi, jua na munyu vyote unastahimili. Kwa kiwanja kipana sina neno nao. Kati ya mawe, la. Hutupa mikono yake juu ya jiwe, ukatia mizizi pengo la pili, na katikati unaacha kitanzi kilichoinuka. Kitanzi hicho ndicho kinachonasa kidole cha mzee. Ili ukae salama ungelazimika kuukata kila wiki 2, na kiangazi kizima.

Lile jani nene la ufukweni lenye maua madogo ya waridi, linaloota karibu na mikoko, wataalamu huliita Sesuvium portulacastrum. Munyu ndio chakula chake. Nilipanda vipande 6 na vyote vikashika. Kisha nikakikanyaga kimoja kwa kiatu chenye unyevu: majani yakapasuka, maji yakatoka, kiatu kikakwenda. Niliving'oa jioni ile ile nikavihamishia ukingoni mwa ukuta, ambapo hakuna mguu unaopita. Hesabu mimea yote ya majani manene katika kundi hili. Ni mizuri kwa macho, ni hatari chini ya kisigino.

Na kuna ule utambaao wenye ua la njano kama alizeti ndogo, majani yanayong'aa, ambao hoteli nyingi za pwani wameutandaza kando ya njia. Wedelia. Utapewa bure, kila mtu anao wa ziada. Asili yake ni nchi za joto za Marekani ya kati na kusini, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, limeuweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya kuliko vyote duniani. Usiupokee. Kipande kimoja ukikitupa kwenye jaa kitatia mizizi, kitavuka ua, na kitafunika kila kilichokuwa kikiota hapo kabla.

Mmea niliouchagua kwa mapengo yale 7 sikuununua. Niliukuta nimeukalia.

Jioni moja nilikwenda kumtazama mpwa wangu akicheza mpira, nikaketi pembeni mwa uwanja, pale watoto wanapopanga foleni ya kuingia. Mahali hapo hapajawahi kumwagiliwa, na hukanyagwa na nyayo mia kila siku. Majani yote yalikuwa yamekufa isipokuwa moja, lililolala chini kama limepigwa pasi. Nililichunguza kwa karibu. Majani matatu matatu, kila kijani kidogo kuliko kifungo cha kola, umbo la moyo uliopinduliwa, ncha yake imebonyea katikati. Maua ya zambarau hafifu, madogo mno, unayaona ukiinama tu. Mashina membamba kama uzi namba 40, lakini kila pingili imetia mzizi, na nilipochimba kwa ufunguo nikakuta mzizi mkuu mgumu kama waya unashuka moja kwa moja. Jina lake la kitaalamu ni Desmodium triflorum, na ni wa jamii ya kunde. Mizizi yake hufuga bakteria wanaotwaa naitrojeni hewani, ndiyo maana unamudu mchanga usio na rutuba yoyote. Palipo na nyasi ndefu huinuka kidogo kutafuta jua. Panapokanyagwa hulala chini, na kadiri panavyokanyagwa ndivyo unavyozidi kushikamana na ardhi.

Nilipoupeleka nyumbani kwenye gazeti lenye maji, Mama aliushika, akaupeleka karibu na macho, akasema, "Mwanangu, jani hili liko uwanjani tangu mimi msichana. Tulikuwa tukilikalia tukisukana."

Udongo niliouweka kwenye mapengo ni huu: makarai 2 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, karai 1 la mboji, na nusu karai la vumbi la makumbi ya nazi ili ushike unyevu. Mboji naitoa chini ya mvinje. Udongo wetu mweupe ukikukatisha tamaa, nenda Bamburi, hapo karibu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, na maji yenye munyu chini yake. Mvinje ulishika. Lakini majani yake makavu yalianguka yakalundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu, wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo pale pana msitu na viboko. Tangu nilipojua hilo, jongoo akiingia kwenye lundo langu la mboji hakuna ruhusa ya kumtoa.

Kwenye mapengo yale 7 nilipunguza mboji, nikaongeza mchanga, nikaushindilia kwa mpini wa nyundo tabaka kwa tabaka mpaka kidole kisizame. Mkongojo unataka chini pagumu. Kwingine niliuacha mwepesi kidogo. Udongo usifike usawa wa jiwe; ubaki chini kiasi cha sentimita 1, ili soli ya kiatu ibebwe na jiwe na moyo wa mche uwe salama.

Nilipanda mwanzoni mwa mvua ya mwaka. Vipande vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja na mzizi wake mkuu, kila sentimita 15. Nilitumia mpini wa kijiko, na maji nikayatia kwa birika la udhu, maana mdomo wake hautawanyi mchanga. Miche ya juani niliifunika makuti wiki 2. Mama alipita kwenye ubao tuliomlazia pembeni kwa wiki 6, akiulizia kila siku kama mawe yameshapona.

Adui mkubwa wa miche michanga hakuwa jua, alikuwa ufagio. Kila asubuhi ua unafagiwa kwa fagio la chelewa, kwa nguvu, kama tulivyofunzwa, na kila asubuhi nilikuta miche miwili mitatu imelala juu ya jiwe na mizizi yake. Kwa miezi 2 tulifagia kwa mkono na ufagio laini, kufuata urefu wa jiwe, bila kukatiza pengo. Waambie watu wa nyumbani kwako mapema.

Ndago ni habari ndefu zaidi, na yeyote mwenye ua pwani anaijua. Ukivuta majani yake unabaki na majani. Chini kuna viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi kama tasbihi, na kiazi kimoja kikibaki kinaanza tasbihi mpya. Nilivichimba kwa bisibisi, pengo kwa pengo, miezi 4, kila nilipoona jani jipya. Wawili kati ya wale nilionunua miche kwao waliniuzia ndago ndani ya pakiti bila kujua. Sasa kila mche ninaoununua naumwagua udongo wote, naosha mizizi kwenye ndoo, ndipo naupanda. Mbigiri na kifauongo nao hung'olewa siku ile ile wanapoonekana, kwa sababu ya miiba yao na nyayo za Mama ambazo nyumbani hazijui ndara.

Upande wa magharibi, ambako jua la mchana ni kali na maji ni ya kisima tu, nimepanda Phyla nodiflora. Nayo ni ya bure, inaota yenyewe karibu na pwani na kwenye mabonde yenye maji. Kila pingili hutia mzizi, munyu haiujali, na maua yake ni vichwa vidogo kama njiti za kiberiti, meupe yenye moyo wa zambarau. Nyuki wanaipenda kupita kiasi. Kwa hiyo iko mbali na njia ya mfereji na mbali na wajukuu wanapokimbilia, na nikiona maua yamezidi nayapunguza kwa mkasi wa zamani. Alfajiri nyuki hawajaamka, lakini saa 4 wamejaa.

Kando ya baraza, ambako hapapiti mtu, Mama alitaka rangi. Hapo nimemwekea ile portulaka ya maua makubwa, nyekundu, njano na rangi ya chungwa, ambayo hufunguka jua likipanda na kujifunga alasiri. Shina lake huvunjika ukiligusa, haliwezi kukanyagwa hata na paka, ila kipande kilichovunjika ukikichomeka mchangani kinakuwa mche. Mama hugawa vipande kwa kila mgeni.

Sasa ni msimu wa pili. Kaskazi ilipochoma, lile jani la majani matatu lilipungua likawa kahawia sehemu nyingine, nikaogopa. Sikulitilia kitu zaidi ya birika moja kila baada ya siku 3. Mvua zilipoanza lilirudi kutoka kwenye ule mzizi wa waya. Maji ya mvua yanazama ndani ya dakika chache, na mawe hayana tena utando. Vijiganda vya mbegu vya jani hilo hunasa kidogo kwenye pindo la kanga, nami huvichambua jioni Mama akinisimulia habari za mchana. Mkongojo ukitua kwenye pengo hausikiki. Zamani ulikuwa unagonga saruji, nami nikiwa chumbani nilikuwa nikihesabu hatua zake kwa mlio huo; sasa inabidi nitoke nimwone.

Yamebaki mapengo 4 chini ya mlizamu wa bati, ambapo maji ya mvua huanguka kwa kishindo na kuchimbua kila nilichopanda. Kwa sasa nimeyajaza kokoto za mviringo. Vuli ikianza nitajaribu Centella asiatica pembeni mwake, yale majani ya mviringo yenye ukingo kama pindo la mawimbi, ambayo hupenda maji yanaporukia. Mama ameshaniwekea kopo la kuoteshea vipande, liko dirishani karibu na birika.